Mzee Bildad Oguta, Fundi Aliyekataa Kuzika Kompyuta Nzima

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Bildad Oguta Rapemo anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Ufundi Ufuoni, hapa Kisumu, kwa miaka thelathini na minne na karibu miezi mitano. Aliajiriwa Jumatatu tarehe 4 Februari 1991 akiwa fundi wa taipureta, na anaondoka akiwa fundi mkuu wa kompyuta. Cheo hicho cha pili alipewa mwaka 2019, baada ya kuifanya kazi yenyewe miaka ishirini bila cheo. Chuo chetu hakina haraka.

Kamati ya Ustawi iliniomba mimi, Lorna Kahiga, mtunza stoo, niandike aya tatu za uchangamfu kwa ajili ya programu ya sherehe hii. Walinipa na mfano wa kufuata. Mfano huo naujua. Ndio uliotumika kumuaga dereva mwaka 2021, kisha ukatumika kumuaga mpishi mwaka uliofuata bila mtu kuusoma, na mama wa watu akasimama jukwaani mbele ya wajukuu zake akipongezwa kwa kuendesha basi miaka kumi na tisa bila ajali. Nimewarudishia mfano wao. Aya zangu zimepita tatu, na uchangamfu nitautia pale unapostahili.

Mzee Bildad ni mtu wa Kisian, nje kidogo ya mji. Ufundi alijifunza mjini, katika duka la mashine za ofisi la Bwana Hasmukh, ambako mwaka mzima wa kwanza kazi yake ilikuwa kusugua herufi za taipureta kwa mswaki na mafuta ya taa. Bwana Hasmukh, ambaye sasa ana umri wa miaka themanini na bado anakaa dukani kwake kila asubuhi, alimfundisha jambo moja ambalo chuo hiki hakijalielewa hadi leo. Mteja akileta taipureta yenye herufi moja iliyokwama na kutaka kuitupa, Bwana Hasmukh alikuwa akimwambia, "Mashine ni watu wengi wanakaa nyumba moja. Mmoja akigonjeka, utachoma nyumba?"

Kompyuta za kwanza zilifika chuoni mwaka 1999, kumi na mbili, za msaada. Tulizipokea kama maharusi. Mkuu wa wakati huo aliamuru kila anayeingia maabara avue viatu, na akina mama wa ofisini wakashona vitambaa vya kufuma, vyenye maua kwenye pembe, kila mashine ikafunikwa kama kiti cha sebuleni siku ya wageni. Zilifunikwa hata zikiwa zimewashwa. Mzee Bildad, aliyekuwa amerudi kutoka mafunzo ya wiki mbili, aliomba vitambaa viondolewe kwa sababu mashine inapumua kwa nyuma na ikizibwa inaungua. Akaambiwa anawaonea wivu akina mama kwa kazi yao nzuri. Mashine tatu ziliungua kabla ya Pasaka. Vitambaa vilifuliwa vikarudishwa.

Adui wake wa pili alitoka ziwani. Kila mkazi wa mji huu anajua sami, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi na kuvamia kila penye taa. Sami wakiingia kwenye feni ya kompyuta hufia humo, wakakauka, wakajazana hata hewa isipite. Chuo kilinunua dawa ya kupuliza yenye harufu ya limau. Mzee Bildad alileta pampu ya baiskeli kutoka nyumbani, akawa anazipuliza mashine nje, moja baada ya nyingine, kila Ijumaa saa tisa alasiri. Dawa ya limau iliisha kwa siku nne. Pampu ile bado ipo, na mpira wake ameubadilisha mara tatu.

Sasa niseme kuhusu kazi iliyompa jina, maana wengi mtakaosoma hapa mmeishi kwa jasho lake na hamjui alichokuwa akifanya.

Ndani ya kila kompyuta kuna madabodi, ile sahani pana ya kijani ambayo viungo vingine vyote huchomekwa juu yake. Juu ya sahani hiyo kuna vijipipa vidogo viitwavyo kapasita, kila kimoja kama punje ya haragwe. Radi ikipiga, na Kisumu radi hupiga kana kwamba inalipwa mshahara, umeme hupanda na kushuka, na kijipipa kimoja au viwili huvimba na kupasuka kichwani. Hapo kompyuta hukataa kuwaka. Hicho ndicho kilichoharibika: punje ya haragwe. Memori ni nzima, diski yenye kazi zako ni nzima, prosesa ni nzima, feni ni nzima, na mara nyingi hata pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, ni nzima.

Lakini fomu ya chuo haijui hayo. Fomu ina nafasi mbili tu za kutia alama, "nzima" na "mbovu", na kompyuta kwa macho ya fomu ni lile kasha la bati lenye stika ya namba ya chuo. Punje ikipasuka, fomu hutiwa alama ya "mbovu", na kasha hubebwa na viungo vyote vilivyomo hadi kwenye chumba nyuma ya karakana ya useremala. Jina rasmi la chumba hicho ni Chumba cha Vifaa Vinavyosubiri Uamuzi. Wafanyakazi walikiita Chumba cha Marehemu, na wengine walikuwa wakivua kofia wakipita. Mtu akiumwa jino haandaliwi jeneza. Kompyuta ya chuo hiki ikiumwa jino, inazikwa na viatu vyake.

Mzee Bildad alikataa mazishi hayo. Alikuwa akienda kule na trei ya mayai na bisibisi. Huchomoa waya wa umeme, hubonyeza swichi ili umeme uliobaki ndani uishe, hushika bati kwanza ili umeme wa mwilini umtoke kabla ya kushika kitu kingine chochote, kisha hufungua. Skrubu za kila upande huzipanga kwenye matundu yake ya trei ili zisichanganyike. Pawa saplai huipima kabla ya yote, kwa sababu, kama alivyoniambia mara nyingi hata nisipomuuliza, "Pawa mbaya ikiua bodi moja, ukiipeleka kwa ingine itaua na hiyo." Memori huiangalia pengo lake, maana kila kizazi cha mashine kina pengo mahali pake na ukilazimisha utavunja. Prosesa huifuta dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu yake, kwa kitambaa na spiriti. Kisha, na hapa naomba msikilize vizuri, juu ya kila kiungo alichotoa aliandika kwa kalamu ya wino usiofutika namba ya kompyuta kilikotoka. Hakuna aliyemtuma aandike. Aliandika kwa sababu ni mtu wa utaratibu.

Viungo hivyo alivitia ndani ya kompyuta nyingine zilizokuwa zikisuasua, na maabara ikaendelea. Pale ambapo madabodi yenyewe ilikuwa ya kuokolewa, alipanda mjini kwa Bwana Hasmukh akanunua kapasita mbili, akalehemu, mashine ikafufuka. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilishangaa. Alikuja stoo na sahani ya kijani mkononi, akaniita kama anavyoniita siku zote, Nyar Kahiga, binti wa Kahiga, akanionyesha vijipipa viwili vilivyofura vichwa.

"Nyar Kahiga, hii kitu haijakufa. Ni hizi mbili tu zimefura. Hii ingine yote iko sawa, na wanataka kuitupa!"

Mafanikio yake ni mengi, nitataja moja. Mwaka 2014, siku mbili kabla ya alama za wanafunzi mia mbili na kumi kupelekwa Nairobi, kompyuta ya ofisi ya mitihani ilikataa kuwaka. Akaitwa mtaalamu aliyevaa suti. Mtaalamu alibonyeza swichi mara tatu, akasikiliza kama daktari, akatangaza kwamba kila kitu kimepotea na chuo kinahitaji mfumo mpya. Wasichana wawili wa mwaka wa mwisho walilia kwenye korido. Mzee Bildad alisubiri mtaalamu aende kunywa chai, akatoa diski, akaichomeka kwenye mashine ya jirani, na alama zote zikatokea kabla maziwa hayajatiwa kwenye kikombe cha mgeni. Katika hotuba ya mahafali mwaka huo mtaalamu alishukuriwa kwa ushirikiano wake.

Asante ya punda ni mateke, na mateke makubwa yalikuja mwaka huu, miezi mitano kabla ya mzee kustaafu. Kamati ya Ustawi ilinidokeza kwamba jambo hili lisitajwe, kwa kuwa sherehe ni sherehe. Nalitaja.

Mwezi wa Januari Kamati ya Kuondoa Mali Chakavu, chini ya mwenyekiti wake Bwana Fabian, Naibu Mkuu anayesimamia utawala, iliamua kuuza makasha yote arobaini na matatu yaliyokuwa kwenye Chumba cha Marehemu. Mnunuzi, Bwana Waswa, mfanyabiashara wa vyuma vikuukuu pale sokoni Kibuye, alikuja na mkokoteni. Aliinua kasha la kwanza kwa mkono mmoja. Akaliinua tena juu ya kichwa.

"Bwana Chairman," akasema, "hii ni kompyuta ama ni sufuria?"

Wakayafungua yote. Matupu. Ndani mlikuwa na ile sahani ya kijani iliyokufa, buibui, na mjusi mmoja aliyekauka. Mtu mwenye kufikiri angejiuliza maswali mawili: maabara yetu imekuwa ikiendeshwa na nini miaka kumi na moja bila kununuliwa hata memori moja, na ni mwizi gani anayefunga tena kila kasha kwa skrubu zake zote. Kamati haikujiuliza. Ilipiga picha. Tarehe 22 Januari Mzee Bildad alikabidhiwa barua ya kumtaka ajieleze ndani ya siku saba kuhusu, nanukuu, "kutoweka kwa viungo vya ndani vya mali ya chuo." Nakala ya barua ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Hadi leo hakuna aliyekiri kuibandika.

Habari mbaya haikawii njiani. Jumapili ya wiki hiyohiyo ilikuwa imefika Kisian. Mzee Bildad amekuwa msomaji wa neno kanisani kwao kwa miaka ishirini na sita. Kasisi, ambaye simlaumu sana, alimwita pembeni akamwomba kwa upole apumzike kusimama mbele ya waumini mpaka jambo lieleweke. Mama Debra, mke wake, aliniambia baadaye kwamba mzee alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti na koti lake la Jumapili, na hakulivua hadi jioni. Akasema jambo moja tu: "Nimebakisha miezi tano niende nyumbani, na sasa nitaenda na jina la mwizi."

Basi mjue, ninyi mlioalikwa kula pilau, kwamba tangu siku hiyo jambo alilolitaka mtu huyu lilikuwa moja. Hakutaka saa ya ukutani wala hotuba. Alitaka karatasi yenye muhuri inayosema hakuiba, aipeleke kanisani kwake.

Kikao cha kwanza kilikuwa tarehe 3 Februari. Mzee Bildad alisimama na shati lake jeupe akaeleza kwa sentensi mbili kwamba viungo viko ndani ya mashine zinazofanya kazi. Bwana Fabian akamuuliza iko wapi fomu ya kuhamisha kiungo. Mzee akasema hakuna fomu kama hiyo. Na kweli hakuna. Mwaka 2014, aliponiletea memori za kwanza akitaka ziandikwe, nilimwambia mimi mwenyewe kwamba fomu zangu ni za kitu kizima chenye stika, nusu kitu sina mahali pa kukiandika, na kwamba aende tu, yote ni mali ya chuo. Alirudi mara ya pili na ya tatu kuuliza. Mara ya tatu nilimwambia asinisumbue.

Bwana Fabian akanigeukia. Je, stoo ina rekodi yoyote ya viungo hivi? Nikasimama nikasema, "Hapana." Nikakaa.

Nimewadharau watu wengi katika ukurasa huu na bado sijamaliza, lakini aliyestahili dharau kubwa siku ile alikuwa mwanamke wa umri wa miaka hamsini na sita aliyevaa sweta ya kijivu na kushika kalamu. Neno nililosema lilikuwa kweli. Nililolinyamazia ndilo lililokuwa ushahidi wote. Niliogopa kuulizwa kwa nini sikuandika, nikiwa nimebakisha miaka minne nami nistaafu. Kesho yake asubuhi Mzee Bildad alikuja stoo kuchukua brashi. Alinisalimu, "Nyar Kahiga, umeamkaje?" Akauliza hali ya mama yangu kule Migosi. Ningependelea anitukane.

Kikao cha pili kilikuwa tarehe 20 Februari. Mara hii mzee alikuja na bisibisi. Aliomba ruhusa ya kufungua kompyuta moja tu, ile iliyokuwa mezani mbele ya kamati, ya katibu wao Becky. Bwana Fabian akasema asiguse mali ya chuo. Becky, ambaye kazi yake kwenye vikao ni kuandika na si kusema, aliacha kuandika.

"Wacha afungue, Bwana," akasema. "Hii mashine ilikufa mwaka jana mwezi wa nne. Ni yeye aliifufua, hata nilikuwa nimeshasahau."

Alifungua. Akaweka skrubu kwenye trei yake ya mayai, wote wakitazama. Akatoa memori ya kwanza akamkabidhi Bwana Fabian mkononi, asome mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa 17. Ya pili, 22. Diski, 31. Pawa saplai, 8. Feni, 40. Kila namba ilikuwa ya kasha mojawapo kwenye picha walizopiga. Kwa maneno mengine, barua ya kumwita mtu mwizi ilipigwa chapa kwa mashine iliyoundwa kutokana na vitu wanavyodai aliiba. Mvuliwa nguo huchutama. Bwana Fabian alisimama wima, akasema mashine moja si ushahidi.

Basi tukaenda maabara, sote tisa, nami nikiwemo. Mzee alifungua mashine moja baada ya nyingine na safari hii niliomba niandike mimi. Tulianza saa nne, tukamaliza saa tisa na nusu, na adhuhuri hakuna aliyethubutu kutaja chakula. Kila memori ilipatikana. Diski thelathini na tisa zilikuwa zikifanya kazi, na nne zilizokufa zilikuwa kwenye rafu yake zimefungwa kwa mpira. Pawa saplai ishirini na nane zilikuwa kwenye mashine, kumi na mbili kwenye boksi lililoandikwa "MBAYA, USITUMIE". Zilikosekana tatu. Mzee alisema alizitupa mwenyewe kwenye jalala mwaka 2018 kwa sababu zilinuka moto na aliogopa mtu atazitumia. Bwana Fabian alizishika hizo tatu kama mtu anayezama ashikavyo jani. Akauliza mara nne ni jalala lipi. Mara ya nne Becky alicheka kwa sauti, na kikao kikaisha.

Kumbukumbu za kikao zinasema: "Kamati imeridhika kwamba suala hili halihitaji kuendelezwa." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta mtu ndani yake. Hayumo. Haisemi aliiba, haisemi hakuiba. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mzee Bildad aliandika kuomba barua ya kumsafisha. Hakujibiwa. Aliandika tena mwezi wa Machi. Mwezi wa Mei alikwenda mwenyewe, akasimama mlangoni mwa ofisi ya Naibu Mkuu, na akajibiwa kwamba chuo hakiandiki barua kuhusu jambo ambalo halikutokea. Mwezi wa Januari jambo hilohilo halikuwa limetokea, na barua iliandikwa, ikapigwa muhuri, ikabandikwa ukutani. Barua moja tu ya pili ingeondoa aibu ya ile ya kwanza. Lakini kuandika kungekuwa kukiri kwamba kamati ilikosea, na afadhali mzee wa watu azikwe na jina la wizi kuliko kamati ikohoe.

Baada ya hapo mnadhani alifanya nini? Alirudi kazini. Mwezi huu wa Juni pekee amefufua mashine nne. Mojawapo ni ya Bwana Fabian, iliyopigwa na radi tarehe 11. Alibadilisha kapasita tatu, akaipuliza na vumbi lote likatoka, akamrudishia ikiwa imefutwa kwa kitambaa kibichi. Mimi ningeiacha ife. Hiyo ndiyo tofauti kati yangu na mstaafu wetu, na sioni haya kuisema.

Makasha matupu, kwa wanaotaka kujua, Bwana Waswa aliyachukua. Ukienda Kibuye upande wa kuku utayaona, yametobolewa matundu ubavuni, vifaranga wamekaa ndani, na stika zetu za namba ziko palepale. Wakaguzi wakija wanaweza kwenda kuzihesabu.

Zawadi ya leo, kama programu inavyoonyesha kwenye ukurasa wa nyuma, ni jembe, keni ya kumwagilia na jozi ya gambuti. Kamati imeamua kwamba kila mstaafu ni mkulima. Kiwanja cha Mzee Bildad kule Kisian ni mawe matupu, naye ana mpango wa kufungua kibanda cha kutengeneza redio na simu kando ya barabara ya Busia. Gambuti ni namba saba. Mzee anavaa kumi. Mama Debra amesema zitamfaa yeye, kwa hiyo tumshukuru Mungu.

Sasa shukrani. Kwa niaba ya wanafunzi waliojifunza kuchapa barua zao za kwanza za kazi kwenye mashine ambazo fomu ilikuwa imezizika, tunakushukuru. Kwa niaba ya wale mia mbili na kumi wa mwaka 2014, ambao wengi wao hawajui jina lako, tunakushukuru. Kwa niaba ya stoo, nakuomba msamaha. Ulikuja mara tatu kuomba nikuandikie, na mara zote tatu nilikufukuza.

Lakini chuo hiki, pamoja na kamati zake zote, kina kanuni moja nzuri, na juzi nimekaa nikaisoma upya. Kifungu cha stoo kinasema kwamba mwenye mamlaka ya kuthibitisha kwamba mali ya chuo ipo au imepotea ni mtunza stoo. Hakimtaji Naibu Mkuu. Hakitaji kamati. Kwa hiyo muhuri mtakaouona chini ya ukurasa huu ni muhuri wa stoo, halisi, na naupiga kwa mkono wangu kwenye kila nakala ya programu hii, zote mia mbili na hamsini, wakati wengine wamekwenda kula. Saini ni yangu. Wakinitaka nijieleze, nitajieleza, na nitachukua zaidi ya siku saba.

Yaliyo juu ya muhuri ni haya: Mimi, Lorna Kahiga, mtunza stoo wa Chuo cha Ufundi Ufuoni, nathibitisha kwamba viungo vyote vilivyotolewa kwenye kompyuta arobaini na tatu, isipokuwa pawa saplai tatu zilizotupwa jalalani, nimeviona kwa macho yangu na nimeviandika. Bildad Oguta Rapemo hakuiba chochote. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, na nilinyamaza.

Mzee wetu, Jaduong', nenda nyumbani ukiwa na afya, kibanda chako kipate wateja, na Mama Debra akuone mchana kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1991. Sote tuliofanya kazi nawe tunakuombea miaka mingi ya raha. Nakala ya Kasisi naipeleka mwenyewe Kisian leo alfajiri, na nitamsubiri mlangoni mpaka amalize kuisoma.